Mtu Hapewi Tasi na Mapezi Yake

Mwanangu Somoe,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Nimekuona sasa hivi ukitoka na kanga ya bibi yako mabegani, unakwenda kuwaaga watu wa upande wa kisimani, na kicheko chako nimekisikia mpaka ulipopotea nyuma ya nyumba za mwisho. Mimi nimekaa mkekani, mlango wazi, sanduku lako liko mbele yangu. Ukirudi alasiri hii utanikuta kimya kama siku zote. Barua nitakupa kesho Masoko, tukiwa tunasubiri basi la Lindi. Botini sikupi, itapata maji.

Najua utasema, mama naye, ananiandikia barua ilhali ananisindikiza mpaka mlangoni mwa shule! Lakini unanijua. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara ya kwanza tulipokuwa tunapinda sare, mara ya pili tukitwanga, mara ya tatu jana kwenye kusuka nywele. Kila mara nilifungua mdomo nikakuuliza kama umepakia sabuni. Mara ya tatu ulinijibu, "Mama, sabuni hiyo hata ikiwa na miguu haiwezi kutoka sandukuni." Basi mambo ya sabuni, ya kufua, ya kuswali kwa wakati na ya kutokopesha kanga, bibi yako atayasema yote kesho ufukweni, na kwa sauti. Mimi nina jambo moja tu.

Shuleni watakuuliza huyu aliyekuleta ni nani. Sema mama. Watacheka, kwa sababu nina miaka kumi na tisa na wewe una kumi na minne, na watu wa bara hesabu hiyo haiwaingii kichwani. Huku kwetu haina maneno. Dada yangu alipofariki wewe ulikuwa na miaka mitano na mimi kumi. Matanga yalipoanuliwa bibi yako alikunyanyua akakuweka mapajani pangu mbele ya watu wote, akasema, "Haya, mama yako huyo." Ulikuwa mzito. Miguu ikanifa ganzi, nikaona haya kusema, nikakaa hivyo hivyo mpaka watu walipomaliza kunywa kahawa. Umama wangu ulianza kwa kunyamaza, na nilidhani kunyamaza ndiyo adabu.

Sasa sikiliza. Shuleni utamkuta msichana anaitwa Agata, kidato cha nne. Mkatoliki, Mmatumbi wa milimani, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki. Kalamu anaishika kwa kidole cha kati. Akisikia umetoka Songo Mnara, na kwamba mimi ni mama yako, atakupenda siku hiyo hiyo, atakupa nafasi karibu na kitanda chake. Na siku moja, mkiwa mnakula samaki, atakusimulia kisa cha kidole. Mwisho wake atasema, "Lakini hakuna wa kulaumiwa. Hata Zuhura hakujua."

Wewe utamjibu nini? Wewe ambaye ulianza kukata mapezi ya tasi kabla hujajua kujifunga kanga?

Ndiyo maana naandika. Nataka uijue habari hii kutoka kwangu kabla hujaulizwa.

Tulikuwa kidato cha pili, mimi na Agata. Mwalimu wa bayolojia alikuwa kijana, kwao ni kando ya ziwa, na alipenda maneno kuliko hata wanyama wenyewe. Alikuwa akiandika neno refu ubaoni kisha analikata pingili kwa pingili kama mtu anayekata muwa, anatugawia. Pteron, alisema, ni Kigiriki, maana yake bawa, au unyoya. Pterygion ni bawa dogo, na hao Wagiriki wa zamani pezi la samaki waliliita hivyo hivyo, bawa dogo. Ukishika pingili hiyo moja, utafungua majina chungu nzima. Diptera, wenye mabawa mawili, ndio nzi na mbu. Chiroptera ni mkono uliokuwa bawa, ndiye popo. Tulimkunjua popo mkavu kwenye ubao tukaona kweli, vidole vitano, na ngozi katikati. Hata helikopta, akasema, ni bawa lizungukalo. Nikakumbuka ile iliyopita juu ya shamba la kijiji, tukatupa majembe tukakimbia, na mwenyekiti aliyetukataza kukimbia akawa mbele yetu.

Somoe, niliyapenda maneno yale. Sikuwahi kumwambia mtu. Maana kwetu nako bawa la taa tunaliita bawa, na taa ni samaki, na kila aliyemwona akiondoka mchangani anajua kwamba yule haogelei, anaruka. Nikaona kumbe watu wa mbali, wa zamani sana, walikaa ufukweni wakaona tulichokiona sisi. Nilitaka kumwambia mwalimu. Nikainua mkono, mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Mwalimu akafurahi, akasema kwa Kiingereza, kwanza tusomee neno lile la ubaoni.

Nikalisoma kama tunavyosoma Kiswahili, kila herufi na haki yake: pi-te-ron. Kumbe kwa Kiingereza ile P haitamkwi. Darasa lilianguka kwa kicheko. "Pite! Pite!" Kuanzia siku ile jina langu likawa Pite. "Pite, nipitishie chumvi." "Jamani mpisheni Pite apite." Agata alicheka kuliko wote, machozi yakamtoka, kisha akachukua vitabu vyake akahamia dawati langu. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mimi mwaka wa kwanza nilisema kwa Kiingereza kwamba mbuzi wangu amefaulu mtihani. Watakusahau wakipata mwingine." Hivyo ndivyo alivyokuwa rafiki yangu.

Habari ya taa sikuisema. Niliketi.

Wiki iliyofuata mwalimu alirudi kutoka sokoni na kapu la samaki. Akaandika ubaoni neno refu kuliko yote, Acanthopterygii, akalikata: mapezi yenye miiba. Kila watu wawili samaki mmoja. Tutakunjua mapezi yote, tutayabana kwa pini, tutachora na kuandika majina. Akasisitiza mara mbili kwamba asikate mtu pezi hata moja, mapezi ndiyo somo lenyewe. Kisha akaangalia darasa akaniita mimi, mtoto wa kisiwani, nigawe.

Nilipofunua jani la juu ya kapu nikaona tasi. Kapu zima tasi wabichi.

Sina haja ya kukueleza wewe. Miiba kumi na mitatu mgongoni, saba chini, na miwili miwili kwenye kila pezi la tumbo. Bibi yako alitufundisha kuihesabu kwa ncha ya kisu kabla ya kutufundisha kuhesabu kwa vidole. Na sheria yake unaijua: tasi hatoki mkononi mwako kwenda mkononi mwa mwingine na mapezi yake. Kata kwanza, ndipo utoe. Hata ukigombana na mtu, hata akiwa amekutukana, humpi tasi na mapezi yake. Mwalimu hakulijua hilo, kwao samaki ni sato. Wenzangu wengi walikuwa wa bara, samaki wanayemjua ni wa ng'onda, amekwisha kukauka na hana ubaya tena.

Nataka nikuambie sawasawa jinsi ilivyokuwa, kwa sababu kwa miaka miwili nimejiambia kwamba neno la Kiingereza la sumu sikuwa nalo. Si kweli. Nilikuwa nalo. Nililijua tangu darasa la sita. Na kama lingenitoroka ningeweza kusema kwa Kiswahili, "Wana sumu hawa." Maneno matatu. Aliyekutwa anasema Kiswahili darasani alivikwa kibao shingoni mpaka jioni, basi, na kibao nilikwisha kukivaa mara mbili, hakiumi. Nilichoogopa ni kwamba nikifungua mdomo watu watasema, haya, Pite anapita tena. Hicho tu. Hakikuwa kitu kikubwa kuliko hicho.

Nikagawa. Mimi mwenyewe niliwashika kwa kichwa, kidole gumba chini ya shavu, kama tulivyozoea, nikawalaza kwenye mbao mmoja mmoja. Nikajidanganya kwamba nikiwalaza vizuri hakuna atakayechomwa. Nilipofika dawati letu amebaki mmoja. Agata akanyosha mkono. "Lete huyo mnene, Pite." Nilitakiwa kumlaza. Nikampa mkononi. Akamkamata kama mtu anavyokamata muhogo.

Alipiga kelele kwa Kimatumbi, na hakuna aliyekumbuka kibao.

Mwalimu alifanya alilolijua. Akamtia mkono kwenye maji baridi, akafunga kidole kwa kitambaa, akakaza. Mimi nikasimama pale pale. Wewe unajua ni maji ya moto, moto wa kuvumilia, tena upesi, na usifunge. Nalo hilo nililijua, na nalo sikulisema. Agata alilala kwenye dawati anauma mkono wa blauzi yake. Mwalimu akaniuliza mbele ya wote, kwa Kiingereza, "Wewe unatoka visiwani. Ulijua samaki hawa wana sumu?"

Neno la hapana kwa Kiingereza nililipata upesi sana.

Kidole kilivimba mpaka kikang'aa. Siku ya tatu kikaanza usaha, akapelekwa hospitali, wakapasua mara mbili. Alikaa huko karibu mwezi. Nilikwenda kumwona Jumamosi na machungwa. Akaniuliza, si kwa ubaya, anamenya tu chungwa kwa meno, "Pite, kweli huko kwenu hamwajui hawa?" Nikasema, "Hata mimi sikujua. Kwetu tunakula changu." Akaamini. Mtu wa pwani angenicheka usoni. Yeye aliamini kwa sababu ni wa bara, na kwa sababu ni rafiki yangu.

Sikia na hili, maana ndilo lililonimaliza. Wodini alikuwapo mzee wa Kigiriki, mmoja wa wale waliobaki mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na serikali. Amevunjika mguu, hana wa kumtazama, na Agata akawa anamletea maji kwa mkono wake mzima. Siku moja akamwuliza, "Mzee, bawa kwenu mnasemaje?" Mzee akasema, na ile P akaitamka, midomo imebana halafu inapasuka. Agata akamrudisha aseme mara tano. Aliporudi shuleni, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, kitu cha kwanza alichofanya ni kusimama darasani. "Nimemwuliza mwenye lugha yake. P inatamkwa. Pite alikuwa sawa, wajinga ni sisi. Atakayemwita Pite tena atapambana na mkono wangu wa kushoto." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikatabasamu, Somoe. Nilitabasamu nikakaa chini.

Bandeji ilipofunguliwa kidole kilikuwa kimenyooka kama unavyokiona, yaani kama utakavyokiona. Alikuwa anachora vizuri kuliko sisi wote. Alianza upya kujifunza kushika kalamu, akiwa kwenye dawati moja na mimi, na nilikuwa nasikia ncha ikikwaruza karatasi.

Ndipo ikaja simu ya posta kwamba bibi yako ameanguka, ameteguka nyonga, niombe ruhusa ya wiki mbili. Hapa kijijini watu wanasema, Zuhura aliacha masomo kwa ajili ya mama yake, na kwenye mkutano mwenyekiti alinisifu kwamba huo ndio ujamaa wenyewe. Bibi yako baada ya miezi miwili alikuwa anakwenda kisimani na ndoo kichwani. Mimi ndiye sikurudi. Yeye aliniambia, "Mwanangu, mimi nimepona, wewe unaumwa nini?" Nikasema naona afadhali nisomeshe kisomo cha watu wazima, wananihitaji. Nao walinihitaji, hilo si uongo. Lakini nilikimbia mkwaruzo wa ile kalamu.

Bibi yako nadhani anajua. Nilipomsimulia habari ya mwenzangu aliyechomwa, alikuwa amechuchumaa anapara samaki. Akauliza, "Nani alimpa mtoto wa watu tasi na mapezi yake?"

Nikasema, "Mwalimu alikataza kukata."

"Mwalimu sikumlea mimi. Nauliza aliyempa."

Nikaanza kuokota magamba. Akaniangalia kidogo, akarudi kwenye samaki wake, na hajauliza tena mpaka leo. Ila tangu siku ile kila tukipata tasi huwakata yeye mwenyewe, wote, hata kama nimekaa na kisu mkononi. Labda ni mazoea tu. Mimi naona ananiambia kitu.

Uliposhinda darasa la saba na likaja jina la shule ile ile, nilikukumbatia, ukasema, mama unatetemeka, nikasema ni furaha. Ilikuwa nusu. Juzi nilikuandikia barua nyingine, fupi. Nilikuambia kwamba ukiulizwa, useme mama yako mdogo alilelewa Kikole, huko bara, kwa wakulima, samaki alikuja kuwajua ukubwani. Niliikunja nikaitia ndani ya kiatu chako. Nilikuwa nakupa na wewe tasi na mapezi yake, sikuona.

Jana ndiyo niliona. Yule mgeni wetu wa Kitomanga, aliyekuja na korosho, amesimama ufukweni anaangalia kapu, akanyosha mkono kuchukua samaki. Watu zaidi ya kumi wapo, wazee wapo. Wewe ukapiga kelele, "We baba, ngoja kwanza!" Hata shikamoo hujampa. Ukamnyang'anya, ukakata tak tak tak, ukamrudishia kwa mikono miwili na kumpigia goti, ndipo ukasema, "Shikamoo." Mzee akaitika marahaba huku anacheka, watu wakacheka, ukacheka na wewe. Hukufikiri hata kidogo. Nikaenda nyumbani nikaitoa ile barua kiatuni nikaitia motoni.

Sitaki kukuambia uwe hivi au vile. Kwenye kisomo nina mzee mmoja anayesoma kwa kuruka ruka kama kuku kwenye jua, na wenzake hupenda kumcheka. Sijui kugombeza, unanijua, lakini wakicheka hufunga kitabu nikakaa mpaka wanyamaze. Hilo ndilo nililoweza kujifunza mpaka sasa, ni dogo. Huko uendako utachekwa. Utasoma neno vibaya, watakupa jina. Jina linakaa wiki, au muhula, kisha linampata mwingine, Agata alisema kweli. Mimi nililikimbia jina la wiki moja, na mtu mwingine ana kidole kile mpaka atakapozikwa.

Karatasi hizi nimezichana kwenye daftari langu la bayolojia. Ukigeuza ya tatu utaona mchoro wa tasi ambao haukuisha. Mwili upo, jicho lipo, mapezi yote yapo, hayana hata neno moja. Leo nimeyaandika majina yake, kwa lugha zote tatu, na chini yake nimeandika: miiba hii ina sumu, usimpe mtu mpaka umeikata. Wino wake haufanani, umechelewa miaka miwili.

Kesho kutwa asubuhi tutakuwa kwenye mlango wa shule. Agata najua atakuja mbio, atakuwa wa kwanza kuliona sanduku, ataita "Pite!", jina alilobakiza yeye peke yake, mpaka mlinzi ageuke. Sitaki umwambie wewe. Wala hii barua usimpe. Nitamwambia mwenyewe kabla basi la kurudi halijaondoka. Nilijaribu kuyapanga maneno kwa Kiingereza ili yawe mazito, nikaacha. Nitasema kwa Kiswahili, na kama sheria ya kibao ingalipo, wanivike. Huenda akanipiga kwa ule mkono wa kushoto. Huenda akageuka akaenda zake, na wewe utabaki na mwaka mzima wa kumwona kila siku, na kwa hilo nakuomba radhi sasa hivi, mwanangu, kabla halijatokea.

Nasikia sauti yako kisimani, unarudi. Nakunja.

Nina ombi moja tu, na kwa hili sitafuti adabu. Usimame karibu yangu. Ukiniona naanza kutazama miguu yangu, au ukinisikia namwuliza Agata habari za sabuni, nifinye. Nifinye kwa nguvu, mpaka niseme.

Mamako,
Zuhura